Kutoka Heathrow Hadi Dar es Salaam: Saa za Angani na Saa za Safari

Mwezi wa Januari mwaka 2015 tulikuwa tumeketi juu ya mikeka nyumbani kwa dada yangu, huko Temeke. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa ameaga dunia alfajiri ya Alhamisi, na swali lililokuwa mbele ya wazee lilikuwa moja tu: azikwe lini? Mtoto wao mkubwa alikuwa akifanya kazi London. Alikwisha kutuletea habari kwa simu kwamba amepata tiketi, na kwamba ndege yake ingeondoka saa mbili usiku wa siku ile ile. Mzee mmoja, ambaye aliwahi kusafiri nje zamani na kwa hiyo alihesabiwa kuwa mjuzi wa mambo hayo, akasema: "London ni saa kumi tu. Akitoka saa mbili usiku, saa kumi na mbili asubuhi yuko hapa." Tukakubaliana wote, nami nikiwamo, kwamba maiti azikwe Ijumaa, mara baada ya sala ya Ijumaa.

Saa kumi na mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Simu ya kijana haikupatikana. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba labda ameachwa na ndege, wengine kwamba labda nauli ilimshinda na ameona haya kusema. Sala ikasaliwa, jeneza likabebwa. Kijana alifika saa tisa alasiri, begi begani, akatukuta tumerudi makaburini na sinia za chakula zinapita. Aliniamkia, kisha akauliza, "Mjomba, mmekwisha kumzika?"

Ndugu msomaji, ndege ya kijana yule haikuchelewa hata dakika moja. Wala yeye hakufanya kosa lolote. Sisi tuliokuwa mkekani ndio tuliokosea hesabu, na laiti tungaliifanya vema tungaliahirisha maziko hadi baada ya sala ya alasiri, yaani saa tatu tu, na mtoto angalimtia babaye mchanga kwa mkono wake. Nimekaa na hesabu ile kwa miaka mingi. Leo naomba niifanye upya mbele yako, kwa kuwa najua si nyumba ya dada yangu peke yake iliyo na mtoto ng'ambo.

UMBALI WENYEWE

Tuanze na umbali, maana huo ndio ulio rahisi. Kutoka kiwanja cha ndege cha Heathrow, London, hadi kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni yapata kilomita 7,500 ukipima kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Ukisoma mahali fulani kwamba ni maili 4,660, na mahali pengine kwamba ni maili 4,050, usidhani kwamba mmoja wao amedanganya. Za kwanza ni maili za nchi kavu. Za pili ni maili za baharini, ambazo marubani walizirithi kwa manahodha, na kila moja ni mita 1,852.

Njia hiyo fupi haionekani sawasawa katika ramani ya ukutani, kwa sababu dunia ni mviringo na karatasi ni bapa. Kama mtoto wako anasoma katika shule yenye tufe la dunia, mwambie avute uzi juu yake kutoka London hadi Dar es Salaam. Ataona uzi unapita juu ya Ufaransa na milima ya Alpi, unafuata pwani ya Italia, unavuka bahari ya Mediterania karibu na Sisilia, unakata jangwa la Libya na pembe ya kaskazini magharibi ya Sudan, unaingia Sudan Kusini, kisha unavuka ikweta katika Bonde la Ufa la Kenya. Na akiunyosha vizuri ataona jambo la kupendeza: uzi unaingia nchini mwetu karibu kabisa na Mlima Kilimanjaro.

Rubani, hata hivyo, hafuati uzi. Hufuata njia alizopangiwa na waongoza ndege wa kila nchi, hukwepa mawingu ya radhi, na hukwepa vita. Mapigano yalipozuka Sudan mwezi wa Aprili mwaka 2023 anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege zilizozoea kupita pale zikalazimika kuzunguka. Hivyo kilomita zinazoruka ni nyingi kuliko kilomita zinazopimwa.

Sasa mwendo. Ndege kubwa ya abiria, ikiisha kufika juu, huenda yapata kilomita 900 kwa saa. Gawanya 7,500 kwa 900, utapata saa nane na dakika ishirini. Ongeza muda wa kujikokota katika kiwanja kabla ya kuruka, muda wa kupanda, muda wa kushuka, mizunguko niliyoitaja, na dakika chache za akiba ambazo kila shirika huziweka katika ratiba yake; hapo unakaribia saa kumi. Kwa hiyo yule mzee wetu hakuiokota saa kumi yake barabarani. Ilikuwa kweli kabisa katika zama zake, ambapo ndege iliruka Heathrow na kutua Dar es Salaam bila ya kugusa mahali. Lakini shirika la British Airways liliiondoa safari yake ya Dar es Salaam mwaka 2013, na tangu hapo msafiri wetu amekuwa akipitia mji wa tatu. Mzee alikuwa na jibu sahihi la swali ambalo muda wake ulikuwa umepita miaka miwili.

Na saa kumi hizo zenyewe, msomaji, si jambo la kudharau. Kabla ya ndege, mtu wa London aliyeelekea pwani yetu alipanda meli, akapita Suez, na akahesabu majuma. Mwezi wa Februari mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kutoka London iliyokomea Mwanza. Mwaka uliofuata ilisogezwa hadi Cape Town kwa kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, na safari yote ilichukua siku 11. Ndege zile ziliruka mchana tu. Jioni abiria walishuka wakalala hotelini, na katika sehemu ya Ulaya walitolewa katika ndege wakapandishwa treni! Mwaka 1937 zikaja ndege za kutua majini, ambazo zilifuata pwani kupitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Wazee wa Lindi waliona ndege ya kimataifa mlangoni pao wakati ambapo watu wa miji mingi mikubwa ya leo walikuwa hawajawahi kuiona. Kisha likaja Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1946, ambalo ndege zake za Super VC10 zilianza kazi mwaka 1966. Shirika hilo lilikufa mwaka 1977, lakini watu wenye mvi za kutosha bado husimulia jinsi ngurumo ya injini zake nne za mkiani ilivyotikisa madirisha ya Ukonga.

SAA YA NANI?

Sasa turudi mkekani. Kijana alisema ndege yake ingeondoka saa mbili usiku. Sisi tukaanza kuhesabu kuanzia saa mbili usiku. Lakini saa mbili ya nani?

Wakati saa ya London inapoonyesha saa mbili usiku mwezi wa Januari, hapa kwetu ni saa tano usiku. Tumewatangulia kwa saa tatu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Machi, Waingereza huzisogeza saa zao mbele kwa saa moja ili wafaidi mwanga wa kiangazi, na tofauti hubaki saa mbili. Jumapili ya mwisho ya Oktoba huzirudisha nyuma. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna haja ya kusumbua saa zetu. Kwa hiyo safari ile ile, ndege ile ile, huonekana imefika Dar es Salaam saa tofauti mwezi wa Julai na mwezi wa Januari, na kumbe aliyehama si ndege.

Sheria ya tiketi ni moja nayo haibadiliki: kila saa iliyoandikwa ni saa ya mahali pale panapotajwa. Saa ya kuondoka ni ya London, saa ya kufika ni ya mji unaofikiwa. Ukitoa moja katika nyingine bila ya kuondoa tofauti, unapata muda ambao hakuna mtu aliyeusafiri. Kijana wetu aliondoka London saa mbili usiku, akatua Addis Ababa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa vidole ni saa kumi na nusu. Ondoa tatu, kwa kuwa saa ya Addis Ababa ni sawa na yetu, zinabaki saa saba na nusu, na hizo ndizo alizokaa angani. (Wahabeshi nao, kama ulikuwa hujui, huhesabu saa za mchana kuanzia macheo kama tufanyavyo sisi. Ndio watu wachache duniani ambao unaweza kuwaambia "saa tatu asubuhi" wakakuelewa bila ya maelezo.)

Liko tatizo jingine, nalo ni letu wenyewe. Tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane, 00:00 hadi 24:00, na sisi tunahesabu kuanzia jua linapotua na linapochomoza. Kuondoa sita au kuongeza sita si kazi. Watoto wa darasa la tatu wanaiweza. Kazi ni siku. Chukua tiketi iliyoandikwa Jumapili, 00:45. Mtu anasoma, anasema, "Ndege ni Jumapili, saa sita na dakika arobaini na tano usiku." Siku ya Jumamosi anaaga majirani kwa raha zake, Jumapili anafunga sanduku, jioni anasindikizwa na basi dogo zima la jamaa. Anafika kiwanjani anaambiwa ndege yake iliondoka jana usiku. Nimeyashuhudia haya kwa macho yangu, na mama aliyekuwa amepatwa nayo alikaa juu ya sanduku lake pale nje akakataa kuondoka mpaka asubuhi.

La kuchekesha, kama linachekesha, ni kwamba mila ya wazee wetu ingemwokoa. Katika hesabu ya Kiswahili cha asili usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Jumapili ni ule unaoanza jua la Jumamosi likitua, yaani usiku wa kuamkia Jumapili. Bibi yangu angeisoma tiketi ile, akaenda kiwanjani Jumamosi baada ya isha, akasafiri. Sisi watu wa mjini tumechukua nusu ya hesabu ya kigeni na nusu ya hesabu ya nyumbani, na kati ya nusu hizo mbili ndipo ndege inapotuacha. Basi ukiona tiketi yenye saa inayoanza na sifuri mbili, chukua kalamu uandike kando yake: "Kwenda kiwanjani usiku wa kuamkia siku hii."

MJI WA TATU

Katika hesabu yetu ya mkekani hatukuuweka kabisa mji wa tatu. Kijana alitua Addis Ababa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndege ya kumleta Dar es Salaam iliondoka saa nne na robo. Alikaa pale saa tatu na dakika arobaini na tano, ameketi kwenye kiti cha chuma na simu yenye namba ya Uingereza isiyoshika, wakati sisi tukisema ameachwa.

Mji wa kupitia hubadili umbali pia. Kwa Addis Ababa, safari nzima ni yapata kilomita 7,700, karibu sawa na uzi wetu ulionyooka. Kwa Istanbul ni kama kilomita 7,950. Kwa Doha inafika yapata kilomita 9,050, kwa sababu unakwenda kwanza Ghuba ndipo ugeuke kusini. Lakini usichague kwa kilomita. Kilomita 1,500 za nyongeza ni saa moja na dakika arobaini hivi za kuruka; kungoja ndege usiku kucha katika ukumbi wenye baridi ni saa nane au kumi. Njia ndefu yenye kungoja saa mbili huwahi kuliko njia fupi yenye kungoja saa tisa.

Na kungoja kidogo mno nako ni hatari. Kama tiketi ni moja, yaani safari zote mbili zimekatwa pamoja, ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kumtafutia abiria nafasi katika ndege nyingine. Lakini wako vijana wanaonunua tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa fedha: moja ya kumfikisha mji wa tatu, nyingine ya kumtoa huko. Hapo ya kwanza ikichelewa, ya pili haimjui. Atanunua upya, kwa bei ya siku ile. Kwa safari ya matembezi mtu anaweza kubahatisha. Kwa safari ya msiba, au ya mama mzee asiyejua lugha anayesafiri peke yake kwenda kumwona mjukuu, nasema hapana. Na kama mzee huyo anatumia dawa za saa maalumu, hasa sindano za kisukari, aende kwa daktari wake na tiketi mkononi kabla ya siku ya safari, apangiwe saa za kuchoma njiani. Dawa zenyewe zikae katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Zipo safari zinazoifanya hii ya London ionekane ya jirani. Kutoka Singapore hadi New York ni zaidi ya kilomita 15,300, na ndege hukaa angani zaidi ya saa 18 bila ya kutua. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou nao wana umbali wa yapata kilomita 8,700, na China imetutangulia kwa saa tano, hivyo wanafika huko usingizi wao ukiwa bado Dar es Salaam. Wao wana jambo moja la ziada: upepo mkali wa juu katika anga ile huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kwa hiyo ndege huwahi kwenda na hukawia kurudi. Njia ya London, kwa kuwa ni ya kaskazini na kusini, haisumbuliwi sana na upepo huo.

HESABU YENYEWE

Sasa tuiandike yote, kwa saa za Dar es Salaam peke yake. Kuondoka London: saa tano usiku, Alhamisi. Angani saa saba na nusu: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ijumaa. Kungoja hadi saa nne na robo. Angani tena saa mbili na dakika arobaini na tano: saa saba kamili mchana, magurudumu yanagusa Dar es Salaam, na wakati huo huo imamu yuko juu ya mimbari. Kisha uhamiaji, sanduku, forodha, teksi, na Barabara ya Nyerere mchana wa Ijumaa: saa mbili nyingine. Saa tisa alasiri.

Mzee wetu alisema saa kumi. Zilikuwa kumi na sita, tangu ndege ilipoanza kutembea London mpaka kijana alipovua viatu mlangoni kwa mama yake. Ukitaka kuhesabu tangu alipofunga mlango wa chumba chake kule, akapanda treni kwenda Heathrow na kufika saa tatu kabla kama anavyotakiwa kila abiria wa safari za nje, ongeza nne nyingine au tano. Katika saa zote hizo, zile alizokuwa angani ni kumi na robo. Mzee hakukosea saa za angani.

Kijana hakutulaumu. Aliomba apelekwe makaburini, nikampeleka mimi. Alikaa pale hadi magharibi.

Dada yangu sasa ana saa mbili ukutani, moja chini ya nyingine, na iliyo chini anaisogeza mwenyewe Machi na Oktoba. Wajukuu ndio wanaomkumbusha Jumapili yake. Na kijana naye amejifunza namna ya kuleta habari. Alipokuja likizo mwezi wa Agosti mwaka jana alituandikia hivi: "Shikamoo mama. Natoka London Jumanne saa mbili usiku ya huku, saa nne ya huko. Napitia Addis. Natua Jumatano saa saba mchana ya huko. Nitakuwa mlangoni saa tisa."

Alifika saa tisa na robo. Palikuwa na foleni pale Tazara.